Mtoto Akilia Kwenye Ndege, Weka Simu Chini

Leo hakuna skiti wala prenki. Leo nina deni, na nimekuja kulilipa hapa hapa nilipolikopa.

Wale mmekuwa hapa tangu zamani mnaikumbuka ile klipu. Miaka mitatu iliyopita nilipanda ndege kwenda Mombasa, mara yangu ya pili maishani kupanda ndege, na nilijiona bonge la mtu. Safu mbili mbele yangu alikaa mama mmoja na mtoto mchanga. Tulipokaribia kutua mtoto akaanza kulia, akalia mpaka magurudumu yakagusa chini. Mimi nikatoa simu. Nikajirekodi nimekunja uso, nikageuza kamera kwa yule mama, halafu nikaandika juu ya video: "Nimelipa nauli ya ndege, nikapewa kiti cha kliniki."

Ikashika. Kwangu mimi, niliyekuwa na mafolowa wachache tu, hiyo ilikuwa Krismasi. Watu walicheka. Wengine wakasema watoto wasiruhusiwe ndani ya ndege. Mmoja akamwita yule mama mshamba, ati angepanda basi kama wenzake. Nami nikaipa hiyo komenti moyo. Hiyo ndiyo sehemu inayonisumbua hadi leo. Niliipa moyo.

Sasa sikia yaliyonipata mwaka huu.

Nina binti wa miezi mitano. Hapa nitamwita Kadogo, sababu jina lake na uso wake ni mali yake, na hajafika umri wa kuniambia kama anataka myajue. Mama yake alirudi kazini likizo ya uzazi ilipoisha (sheria yetu ya ajira inampa mama miezi 3), na juzi kazi ikamtuma Mombasa kwa siku nne. Huko Mombasa, mtaa wa Kisauni, ndiko anakoishi nyanyake mama mtoto. Sote tunamwita Bibi. Ni mgonjwa, haendi mbali na kitanda siku hizi, na kwenye simu alikuwa na neno moja tu: "Nileteeni huyo mtoto nimshike."

Kwa hivyo mpango ukawa mama mtoto atangulie Jumanne, mimi nifuate Ijumaa na Kadogo. Mimi na yeye, peke yetu.

Kwa nini ndege? Hesabu ya maziwa. Mama mtoto aliacha maziwa yake kwenye friza, na kufikia Ijumaa zilikuwa zimebaki chupa mbili. Basi ni masaa manane na zaidi, hiyo ni kama barabara imekubali. SGR ni masaa matano na kitu, lakini ongeza safari ya kufika Syokimau, halafu ongeza ile ya kutoka Miritini hadi Kisauni. Na maziwa ya mama yakishayeyuka, ukiyaacha kwenye joto la kawaida hayafai kupita masaa mawili. Ndege ni kama saa moja tu, mara nyingi chini ya hapo ukishakuwa hewani. Nikaona mfuko mdogo wenye barafu na chupa mbili zinatosha na chenji inabaki.

Nauli yenyewe haikuniumiza. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupakatwa, na mashirika mengi humtoza sehemu ndogo tu ya nauli ya mtu mzima. Nikabeba cheti chake cha kuzaliwa, nepi, nguo za kubadilisha na leso mbili. Kila kitu kilikuwa tayari, lakini usiku wa Alhamisi sikulala.

Sikuwa naogopa ndege. Nilikuwa nawaogopa nyinyi.

Nilikuwa naona simu. Naona mtu wa safu ya nyuma akiinua mkono taratibu, vile mimi niliinua wangu. Nikakumbuka ile stori ya 2019, mama aliyesafiri na mtoto wa miezi minne kutoka Seoul kwenda San Francisco. Alitayarisha mifuko kama 200 ya peremende na viziba masikio, akawagawia abiria wote kuomba msamaha kabla mtoto hajafanya chochote. Intaneti ilimpenda sana. Nikasema hapo ndipo pa kuponea. Ijumaa asubuhi nikanunua pakiti mbili za switi nigawie majirani zangu wa ndege.

Mamangu alikuja kunisaidia kumwogesha mtoto. Akaziona.

"Hizi switi ni za nani?"

"Za watu watakaokaa karibu nasi. Za kuomba msamaha."

Akamwangalia Kadogo, akaniangalia. "Kwani amekosa nini?"

Sikuwa na jibu. Switi zilibaki mezani.

Sasa nipeni dakika niwaeleze kosa langu, sababu linaweza kumsaidia mtu. Kila mahali unaposoma utaambiwa umnyonyeshe mtoto ndege inapopaa na inapotua. Sababu ni masikio. Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna nafasi ndogo yenye hewa, na kuna mrija mwembamba unaoiunganisha na nyuma ya koo. Shinikizo la hewa likibadilika, huo mrija lazima ufunguke ndipo pande zote mbili zilingane. Wewe na mimi tunameza mate au tunapiga miayo, inafunguka. Mtoto hajui hiyo mbinu, na mrija wake bado ni mwembamba. Akinyonya anameza, na akimeza mrija unafunguka. Rahisi.

Lakini hakuna aliyeniambia hesabu ya Nairobi. Nairobi tayari tuko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Ndege ikipaa, hewa ya ndani hurekebishwa iwe kama ya mlima wa mita 2,400 hivi, mara nyingi hata chini ya hapo. Kwa hivyo mtoto wa Nairobi ndege ikipaa ni kama amepanda kilima tu. Kazi yenyewe iko kwenye kushuka. Unatoka hewa ya mita elfu mbili hadi ufuoni kabisa, kwa dakika ishirini hivi. Ukienda Mombasa, maziwa ni ya kushuka.

Mimi niliyamaliza ya kupaa. Kadogo alinyonya chupa nzima kabla hata hatujavuka Machakos, akabeua, akalala. Nikajipongeza. Nikaangalia dirishani nikitafuta Kilimanjaro, nikajiambia buda, hii kazi umeiweza. Chupa ya pili ilikuwa kwenye mfuko wa barafu, na mfuko ulikuwa kwenye kabati la juu.

Rubani akatangaza tunaanza kushuka. Ishara ya mkanda ikawaka. Dakika tano baadaye Kadogo akafungua macho, akavuta sikio, akalia.

Wueh. Huo si ule mlio wa njaa. Mlio wa njaa naujua, una mdundo wake. Huu ulikuwa mrefu, mkali, mtoto anageuka mwekundu na kujikunja mgongo. Kwa sekunde kama thelathini sikufanya kitu. Naomba mlielewe hili vizuri. Chupa ilikuwa juu ya kichwa changu. Kulikuwa na kitufe cha kumwita mhudumu. Ningesema, "Dada, samahani, naomba ule mfuko wa maziwa," angenisaidia au angeniambia haiwezekani, basi. Lakini niliona haya kubonyeza. Niliona watu watasema huyu jamaa hajui kulea. Mtoto wangu anaumwa na masikio, na mimi nawaza komenti.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa makamo, amevaa buibui, amekaa ng'ambo ya njia. Hakuniuliza mama mtoto yuko wapi. Aliniinamia tu akasema:

"Baba, ni masikio hayo. Una maziwa?"

"Yako juu, mama."

"Basi mpe kidole. Pangusa hicho kidogo, kucha iangalie chini kwa ulimi, anyonye."

Nikapangusa kidole kwa tishu ya maji, nikampa. Akakikataa. Nikampa tena. Akakishika, akanyonya mara mbili, akalia, akanyonya tena. Haikuwa miujiza. Alilia na kunyonya, kunyonya na kulia, mpaka tukatua. Lakini mlio ulishuka.

Hapo katikati ndipo nilipoiona simu. Safu ya mbele yangu, upande wa yule mama, kijana wa umri wangu wa enzi zile, kofia imegeuzwa nyuma. Aliinua simu kama anajipiga selfi. Nilijua ile pembe. Hakuna anayejipiga selfi kwa pembe hiyo. Mimi na Kadogo tulikuwa ndani ya fremu.

Yule mama naye aliona. Hakusema kitu. Aliufungua mtandio wake mmoja wa mkononi, akaunyoosha kwenye njia kati ya ile simu na mtoto, kama mtu anayeukung'uta vumbi, akaushika hivyo hadi mkono wa kijana ukashuka.

Tukiwa tunangoja mlango ufunguliwe nikamwambia yule kijana, kwa upole kabisa, "Bro, naomba uifute."

Akacheka kidogo. "Maze, si ni ya kuchekesha tu?"

Maneno yangu yenyewe. Ndiyo niliyowajibu watu wachache waliolalamika miaka mitatu iliyopita. Si ni ya kuchekesha tu. Nilitaka kukasirika nikakosa pa kusimama. Akasema "poa, poa," akaiweka simu mfukoni. Kama aliifuta, sijui. Kama siku moja mtamwona jamaa mwenye tishu mkononi na mtoto anayelia, mjue ni mimi.

Sasa msimamo wangu, na mnirushie mawe mkitaka: mtoto anayelia si content. Si yangu, si yako, si ya mtu anayetafuta kiki.

Mtasema, lakini wewe mwenyewe ulikula hiyo pesa. Kweli. Ndiyo maana nasema kwa sauti.

Mtasema, nimelipa nauli yangu nisafiri kwa amani. Sikia, ulinunua kiti. Kimya hakikuwa kwenye tiketi. Na mtoto naye alilipiwa. Kukereka unaruhusiwa. Mlio wa mtoto unakera, hata mimi babake ulinikera. Weka vipokea sauti, angalia mawingu, kunja uso, ni uso wako. Kukereka ni haki yako, lakini kumwanika mtoto wa mwenzako si haki ya mtu yeyote. Hata sheria inaelekea huko. Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kutumiwa. Najua hakuna askari wa kukagua simu kwenye safu ya kumi na mbili. Lakini kanuni unaielewa: uso wa mtoto una mwenyewe, na mwenyewe si wewe.

Mtasema, kuna ndege huko nje zimetenga viti vya watu wazima pekee. Ni kweli, mwaka 2023 kampuni moja ya ndege ya Ulaya ilianza kuuza viti vya hivyo kwenye safari ya Amsterdam hadi Curaçao. Hiyo ni safari ya masaa kumi hivi kuvuka bahari. Anayetaka kununua kimya cha masaa kumi, anunue. Sisi tunaongelea Nairobi na Mombasa. Kilio chote cha Kadogo kilikuwa robo saa. Umewahi kukaa robo saa nzima Mlolongo kwenye jam, nyuma ya lori linalopiga honi? Ulimrekodi dereva ukamwita mshamba?

Na hapa ndipo tunaponishangaza sisi Wakenya. Kwenye matatu tunajua kuishi na watoto. Mama akipanda na mtoto mgongoni na mzigo mkononi, hajamaliza kusema "shikilia" na mtoto tayari yuko kwa magoti ya mtu asiyemjua. Konda anasema, "Songeni, mama akae." Mtoto akilia, basi zima linakuwa daktari: mpe maji, mfungue sweta, fungueni dirisha. Kelele za ushauri zinazidi kelele za mtoto. Hakuna anayetoa simu. Halafu sisi wale wale, tukipanda ndege, tunageuka wageni. Tunakaa kama tumeazima viti vya mtu mkubwa na tunaogopa atatuona. Mtoto akilia tunaona aibu kwa niaba ya ndege.

Ndege ni matatu yenye mabawa, wasee. Yule mama wa buibui alijua hilo. Alifanya vile angefanya kwenye matatu ya Kisauni, basi.

Na hii haya tunayowapa wazazi ina bei. Mimi nilichelewa kumsaidia mtoto wangu kwa sababu nilikuwa naogopa kuangaliwa. Woga huo haukutoka hewani. Ulijengwa na klipu, moja juu ya nyingine, na moja ni yangu. Yule mama wa miaka mitatu iliyopita huenda naye alikuwa na chupa juu ya kichwa chake, akaona simu yangu, akaona haya kumwita mhudumu. Sitajua kamwe. Na wazazi vijana wangapi wameamua kubeba mtoto usiku kucha kwenye basi, au kutosafiri kabisa, ili wasiwe sinema ya mtu? Bibi angekuwa wa kulipia hiyo aibu. Angeletewa picha kwa simu.

Lakini wazazi nao wasijifiche nyuma yangu. Kuna mambo ni kazi yetu, na niliyajua baada ya kuyakosea.

Maziwa yakae miguuni pako, chini ya kiti cha mbele, wala si kwenye kabati la juu. Kama unanyonyesha, leso iwe begani tayari. Ukisafiri kutoka Nairobi kwenda pwani, weka chakula kikubwa kwa kushuka. Rubani akitangaza, anza, hata kama mtoto hajaanza kulalamika. Kama amelala fofofo, muulize mhudumu wakati wa kutua unakaribia lini, ujipange.

Mwambie askari wa ukaguzi mapema kwamba una maziwa ya mtoto kwenye mfuko. Usingoje aupekue.

Kama unambeba kwa kibebeo kifuani, jua utaambiwa umtoe wakati wa kupaa na kutua, kisha utapewa mkanda mdogo unaopitishwa kwenye mkanda wako. Ufanyie mazoezi mikono yako, si ya mtoto. Na usishangae ukihamishwa kiti kwa sababu kuna mtoto mwingine kwenye safu yako. Barakoa za oksijeni za ziada huwa chache kila safu, kwa hivyo watoto wawili wa kupakatwa hawawekwi pamoja.

Mtoto akiwa na mafua au sikio linamuuma, mwone daktari kabla ya kusafiri. Mrija ukiziba kwa kamasi, hakuna chupa itakayousaidia.

Na bonyeza kile kitufe. Kiko hapo kwa ajili yako.

Wewe usiye na mtoto, kazi yako ni ndogo zaidi. Ukiweza, uliza swali moja: "Nikusaidie kushika nini?" Ukishindwa, nyamaza. Kunyamaza pia ni msaada. Simu iache mfukoni.

Bibi alimshika. Alikaa kitandani na mito miwili mgongoni, akamweka Kadogo mapajani, na mtoto aliyelia robo saa angani akamtazama kama mtu anayemjua. Bibi alimshika sikio, akalisugua kwa kidole gumba, akauliza kama alisumbua njiani. Nikasema alisumbua kidogo. Akasema, "Haya, ndiyo kazi yake." Hakuna picha ya hiyo siku hapa. Tunazo sisi.

Ile klipu nimeifuta jana usiku. Najua haitoshi, sababu kuna watu waliipakua na bado inazunguka kwenye akaunti nisizozijua, na haina rimoti. Yule mtoto sasa atakuwa anaenda miaka minne. Kama wewe ndiye mamake, au unamjua, hii ni samahani yangu, na haina mzaha wowote juu yake. Na kama unayo kwenye simu yako, wewe unayesoma, nifanyie hisani moja.

Ifute.